Tamasha la filamu za wenyeji hapa Lamu, tuanzie wapi na nani aingie?

kijana_wa_mkunguni

Assalaam aleikum jamani, na wasiokuwa waislamu pia hamjambo. Swali langu refu kidogo nivumilieni.

Sisi ni kikundi cha vijana hapa Amu, wengine Langoni wengine Mkomani na wawili watu wa Kizingitini, kwa muda sasa tumekuwa tukirekodi wazee kwa simu zetu na kamera moja ya kuazima. Tulianza na mafundi wa majahazi Matondoni, tukaenda Kipungani kwa kina mama wa mikeka, halafu mwenzetu mmoja ana watu wake bara huko upande wa msitu wa Boni akatupeleka kwa Waaweer, wale wawindaji na warina asali wa msituni, tukamrekodi mzee mmoja anavyomwita yule ndege wa asali na anavyomwachia chake akishapasua mzinga, na yote kasema kwa Kiaweer si Kiswahili. Hiyo klipu kila nikiitazama nasisimka, yaani huyo mzee anaongea na ndege kama anaongea na jirani yake wa miaka.

Sasa vidio zimejaa laptopu mpaka inalia na hatujui tuzifanyie nini. Kutupia Youtube tu naona uchungu. Juzi nikasoma habari za tamasha moja Toronto, Kanada, laitwa imagineNATIVE, ni la filamu na sanaa za midia za watu wa asili, na sharti kazi iwe imetengenezwa na watu wa asili wenyewe, si mgeni aje awapige picha aondoke. Nikapeleka kwa kikundi nikasema jamani mbona tusipeleke yetu, au hata bora, mbona tusifanye tamasha letu hapahapa, usiku mbili tatu tu, watu wakae uwanja wa Mkunguni mbele ya Ngome waangalie.

Hapo ndo vita vikaanza. Mmoja kasema watu wa asili hapa ni Waaweer na Wasanye peke yao, Waamu na Wabajuni wana mji wao umeandikwa UNESCO tangu 2001, wana makumbusho, wana tamasha la utamaduni, watafuta nini tena kwa kikao cha wanyonge. Mwingine kakasirika kasema Mbajuni aliyefukuzwa visiwani huko Kiunga wakati wa shifta miaka ya sitini na mpaka leo shamba lake hana, huyo si mnyonge ni nani? Mmoja katoka grupu la WhatsApp kabisa.

Kwa hivo nauliza, nani anajua haya matamasha yanavoendeshwa? Nani anahesabiwa? Na nyinyi wazee wa hapa mwaonaje?

mamake_Shufaa

Waaleikum salaam mwanangu. Mimi ni mtu wa Mkomani lakini niko Toronto huku na baba watoto, na hilo tamasha nimewahi kwenda, tena nilienda na wanangu. Lilianza mwaka 2000, na zamani lilikuwa likifanywa Oktoba kwenye baridi lakini tangu 2024 wamelipeleka Juni. Si filamu peke yake. Kuna kazi za sauti, kuna gemu, kuna zile za kuvaa miwani mikubwa ukajiona uko ndani ya barafu, na kuna maonyesho ya sanaa ukutani. Wanaoliendesha ni wenyewe watu wa asili. Na filamu si zote za ngoma na mavazi ya mababu, nimeona ya mapenzi, nimeona ya kutisha mpaka mtoto akanikumbatia, nimeona ya kuchekesha. Hili nakwambia kwa sababu naona nyinyi mmerekodi wazee tu. Je, vijana wa Amu wenyewe hawana kisa cha kutunga?

Lakini kitu nataka ujue zaidi ni hawa Wainuit, watu wa asili wa kaskazini ya Kanada, wale wa Igloolik, kisiwa kidogo kaskazini kabisa huko ambako jua laondoka wiki kadhaa halichomozi. Serikali ilitaka kuwapelekea televisheni miaka ya sabini. Wakapiga kura wakakataa, 1975, wakaulizwa tena 1979 wakakataa tena! Walisema ndani ya hiyo televisheni hamna hata neno moja la lugha yetu, itawameza watoto wetu. Mpaka kukawa na vipindi vya Kiinuktitut ndo wakaifungulia mlango. Halafu watu wa kisiwa hichohicho, Zacharias Kunuk na wenzake, 1990 wakaanzisha kampuni yao, Isuma. Wakaenda kwa wazee wakakusanya hadithi moja ya kale, huyu anaijua hivi yule anaijua vile, wakaziunganisha, wakacheza wenyewe wanakijiji kwa lugha yao mwanzo mpaka mwisho, na 2001 ikashinda Caméra d'Or kule Cannes Ufaransa, hiyo ni zawadi ya filamu ya kwanza ya mtengenezaji. Watu waliokataa tivi!

Kwa hivo kupeleka mwaweza kupeleka, fomu ziko mtandaoni kila mwaka, someni masharti vizuri. Ila mie naona huyo mzee wa asali asionekane Toronto kabla hajajiona mwenyewe.

nahodha_mstaafu

Hapo mwisho mama umesema.

Mimi ni mtu mzima, mambo ya mtandao naandikiwa na mjukuu wangu hapa. Walikuya watu hapa zamani kidogo, sitawataja, wana makamera makubwa, wakakaa na siswi Matondoni tangu tunapasua mbao mpaka jahazi likashuka maji. Tukawapa kila kitu. Vipi twakata mkuku, vipi twaziba kwa kalafati, maneno tusemayo jahazi likishushwa, hata mengine si ya kuambiwa kila mtu. Wakasema tutawaletea filamu mtazame wote. Haikuya mpaka yeo. Fundi aliyeongoza kazi ile kafa, Mungu amrehemu, wanawe hawana hata picha yake moja akiwa na tezo mkononi, na mimi najua iko, iko mahali kwa kabati la mtu ng'ambo huko na yaonyeshwa kwa watu wasiojua jina lake.

Kwa hivyo mukiniuliza tamasha lifanyweje, mimi sina habari na Mkunguni wala Ngome. Filamu ya Matondoni ianze Matondoni. Ya Mangai kwa Waaweer ianze Mangai. Wenyewe wakitazama wakasema hapa toa, hapa wacha, ndipo iletwe muyini. Na kila nyumba iliyorekodiwa ipewe nakala yake. Kwani nakala kitu gani siku hizi, kidude kidogo kama ukucha.

pesa_iko_wapi

Mtaona vumbi. Projekta nani atanunua, kaunti? 😂 Hapa hata taa ya barabara ikiungua yakaa mwaka.

MgiriamaWaGanda

Nawasalimu kutoka Malindi. Mzee nahodha hayo yako ni yetu pia, tena sisi hawakuchukua picha tu, walichukua vigango vyenyewe, zile nguzo za mbao za kuwakumbuka marehemu. Mtu kafariki, ukoo ukamsimamishia kigango chake, akaja mwizi usiku akakichomoa akauzia duka la watalii, ukisikia tena kiko makumbusho ya Marekani. Vingine vimerudi, yale makumbusho ya Denver yaliamua 2014 kurudisha 30 na vikafika Kenya 2019, lakini kurudi Nairobi si kurudi kwa mwenyewe, ukoo wake bado wauliza.

Sasa kwa swali la nani aingie. Kijana, huyo mwenzenu aliyesema ni Waaweer na Wasanye tu ana hoja lakini hajaimaliza. Kule Umoja wa Afrika, Tume ya Haki za Binadamu ilishakaa na jambo hili miaka mingi na ilichosema ni kwamba hapa Afrika haliendi kwa nani alifika kwanza, kwa sababu ukianza hivyo kila Mwafrika atakwambia yeye wa asili. Wanaangalia mambo mengine, watu wenyewe wanajitambua vipi, maisha yao na utamaduni wao umefungamana na ardhi ile kiasi gani, na kama wamesukumwa pembeni na kudharauliwa kwa sababu ya maisha yao hayo. Waogiek walishinda kesi yao Mahakama ya Afrika 2017 kwa njia hiyo. Kwa kipimo hicho Waaweer hakuna wa kubishana nao, waliambiwa wasiwinde, tena tangu 2015 msitu wao uko ndani ya operesheni ya usalama, mtu akienda kutafuta asali ajieleze kwa askari. Mbajuni naye ana lake la kusema. Mwamu wa nyumba ya mawe pale Mkomani, mmmh, hapo mtajadiliana wenyewe mie simo.

Ila ushauri wangu msiligeuze tamasha kuwa kitambulisho cha kabila. Ulizeni tu nani kashika kamera. Kuna Mmaori, yaani mtu wa asili wa New Zealand, Barry Barclay, alikuwa mtengenezaji filamu, yeye 2002 alisema jambo ambalo mtu wa pwani ataelewa bila kufafanuliwa. Kasema filamu nyingi za dunia zimepigwa kamera ikiwa juu ya sitaha ya meli ya mgeni inayoingia bandarini, inawatazama watu waliosimama ufukweni. Sinema ya wenyeji ni pale kamera inapokuwa ufukweni, inaitazama meli. Nyinyi Amu mmetazama meli ngapi zikiingia? Na sasa kuna bandari nzima ya LAPSSET, ule mradi mkubwa wa serikali, mbele yenu, wavuvi wamepoteza maeneo yao, hiyo filamu kaipiga nani kutoka ufukweni? Hiyo ndo ningependa kuiona.

Na jambo la sheria, kuna Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kitamaduni, ya 2016. Inasema maarifa ya jamii ni mali ya jamii na anayetaka kuyatumia aombe idhini kwanza akiwa ameeleza wazi yanakwenda wapi. Huyo ndege wa asali yumo ndani ya sheria hiyo. Usichukue ruhusa ya mzee peke yake, kaa na baraza la wazee wa kijiji. Pia kumbukeni filamu ikionyeshwa hadharani Kenya lazima ipitie Bodi ya Uainishaji wa Filamu, hata kama ni ya nyanyako akisuka mkeka. Msije mkafungiwa usiku wa kwanza kwa jambo la karatasi.

kijana_wa_mkunguni

Wallahi sikutegemea majibu haya. Ami nahodha shikamoo, na pole sana kwa hilo. Nakala za Matondoni tutaleta sisi wenyewe hilo halina mjadala, na kama kuna neno lolote la kushusha jahazi ambalo halifai kutoka utatwambia tulikate.

Mama Toronto swali lako la vijana limenichoma kidogo 😅 kweli hatujatunga chochote. Kuna mwenzetu ana kisa cha punda wa taka anayejua mambo ya nyumba zote za mtaa, sote tulikuwa tukimcheka, ngoja nimrudie.

Ndugu wa Ganda, hivi nyinyi kule kwa sherehe za Mekatilili, yule shujaa wenu wa kike, mwezi wa nane huwa mnaonyesha filamu?

MgiriamaWaGanda

Huwa ni matembezi, ngoma na hotuba, hotuba ndo nyingi. Lakini usiku pale uwanja uko wazi. Mkiwa na kitu njooni nacho mapema tuongee na wazee.

binti_kinanda

Mimi nina jambo ambalo naona wanaume wote hapa mmelipita. Mnasema Mkunguni. Haya, saa ngapi? Na kina mama watakaa wapi? Mwajua nyinyi kwamba bibi yangu hajawahi kukaa Mkunguni usiku maisha yake yote, na yeye ndo anayejua nyimbo za vugo, ngoma ya kina mama ya harusi, kuliko mtu yeyote mtaani. Mkimwekea kiti cha plastiki katikati ya wavulana na mapikipiki hatakuja, na mtasema kina mama hawapendi filamu.

Halafu zaidi. Sisi tumerekodi pia, hamjui tu. Tumerekodi vugo kwenye harusi, pembe zinavyopigwa, na mafumbo yanayoimbwa kina mama wakiwa peke yao, mengine ya kumsema mtu na mwenyewe yuko hapo hapo anacheka kwa uchungu. Bibi alisema rekodi, lakini isitazamwe na mwanamume. Basi hiyo filamu ipo na mwanamume hataiona. Sasa tamasha lenu lina nafasi ya filamu kama hiyo? Kwa sababu mkisema kila filamu lazima ionyeshwe kwa watu wote basi mnafanya yaleyale ya wale wa makamera makubwa.

Wala si sisi tu wenye mambo hayo. Australia watu wa asili wana mambo ya wanaume na mambo ya wanawake ambayo hayachanganywi, na televisheni zao huwa zinatoa onyo kabla ya kipindi kwamba ndani mna sura au sauti za watu waliokufa, kwa sababu kwa wengi wao si adabu kumtaja wala kumwona marehemu wakati wa msiba. Hilo nalo lifikirini, wazee mliowarekodi wengine umri umekwenda.

Mimi naomba usiku mmoja uwe wa kina mama, ndani, kwenye nyumba yenye kiwanda kipana, yaani ua wa ndani, na anayeendesha mashine awe msichana. Tunaye.

mamake_Shufaa

Kinanda umenikumbusha harusi ya dada yangu mpaka nimelia hapa jikoni. Huo usiku nitatuma mchango wa kahawa na halua.

fundi_wa_sauti_Shela

Watu wameongea falsafa nzuri sasa niwaletee matatizo 😀

Mkunguni upepo. Mkifanya wakati wa kusi, yaani kuanzia mwezi wa tano hivi, ile skrini ya kitambaa itavimba itarudi itavimba, uso wa mzee utakuwa unapumua. Nimeona kwenye mkutano mmoja wa kampeni, wamefunga kitambaa cheupe kati ya miti, mgombea anaongea na shavu lake linakwenda na kurudi, watu hawakusikia hata sera moja wanacheka tu. Kama mnataka nje, subirini kusi litulie mwezi wa kumi na moja kabla kaskazi haijakaza, au tumieni ukuta. Lamu kuta hatuna shida nazo. Ukuta wa chokaa uliopigwa vizuri ni skrini bora kuliko hizo za kununua, chagueni usio na mlango wala dirisha, na muombeni mwenyewe, na uwe kichochoro kisichopitisha punda usiku.

Au tanga. Nasema kweli, tanga la mashua la marikani jipya ambalo halijashika rangi ya chumvi. Lifungwe pembe zote tatu na foromali yake, ule mti wa kufungia tanga, juu, chini mfunge mawe. Si kichekesho, Wasami, watu wa asili wa kaskazini ya Ulaya, wale wa Finland wana tamasha lao mji wa Inari mwezi wa kwanza, laitwa Skábmagovat, lipo tangu 1999, na wao wanaonyesha nje kwenye baridi kali, skrini yenyewe ni ukuta wa theluji walioujenga na viti vya theluji. Wametumia walichonacho. Na sisi si tuna matanga.

Wakati uwe baada ya Isha, msishindane na adhana, na spika zielekezwe baharini zisiingie msikitini kwa wanaobaki kusoma. Jenereta muiweke mbali sana na waya mrefu, maana umeme ukikatika katikati ya maneno ya mzee watu wanaondoka hawarudi.

Sauti sasa. Nimesikia klipu moja yenu mliyoweka, ile ya Kipungani. Picha nzuri, sauti ni upepo mtupu na mkeka unalia krr krr. Nunueni maiki ndogo ya kubana kifuani, hata ya bei ya chini, muivishe manyoya. Mtu atavumilia picha mbaya lakini sauti mbaya atainuka. Na hiyo ya Kiaweer lazima iandikwe maneno chini kwa Kiswahili, na mtafsiri awe Mwaaweer, sio mtoto wa mjini anayekisia. Zanzibar ZIFF, tamasha la filamu la kimataifa, wamekuwa wakifanya lao tangu 1998 pale Ngome Kongwe, na huwa wanatoka pia kwenda vijijini kuonyesha, mtafuteni mtu wa kule awaeleze walivyosafirisha mitambo, maana kupeleka projekta Mangai kwa barabara ile ni kazi kuliko kutengeneza filamu.

pesa_iko_wapi

Bado hamjasema pesa.

nahodha_mstaafu

Tanga nitatoa mimi. Liko jipya, la mashua ya mwanangu, bado halijaingia maji. Wewe toa nini?

pesa_iko_wapi

Mzee mbona wanibana hivo 😂 haya mafuta ya jenereta ya usiku mmoja andikeni jina langu.

kijana_wa_mkunguni

Allahu akbar, tumeanza hivo. Tumekaa jana barazani, na yule aliyetoka grupu karudi. Tumekubaliana hivi, kwanza tunarudi Matondoni na Mangai na laptopu tuwaonyeshe wenyewe, wakikata tunakata. Tamasha lenyewe mwezi wa kumi na moja, usiku mmoja wa kina mama na binti_kinanda ndo mwenye usiku huo hatumwingilii, usiku mwingine wa wote kwa tanga la ami nahodha, na Waaweer wakikubali kuja tunawalaza kwa nyumba zetu si gesti. Wabajuni wamo. Waamu nao wamo, lakini mwenye nyumba ya mawe akitaka kuonyesha filamu lazima iwe amepiga yeye mwenyewe, sio ile ya matangazo ya hoteli 😅. Toronto tutaomba baadaye, baada ya hapa.

Fundi wa Shela, ukuta nimeshaupata pia kama upepo utagoma, lakini spika hatuna, tuna moja na imepasuka.

fundi_wa_sauti_Shela

Spika ninazo, zile za harusi. Msipange Alhamisi wala Ijumaa tu, hizo siku zimeshakodiwa mpaka Ramadhani.